Mche wa Sabuni

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 10, na sabuni ilikuwa haipatikani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma, lakini rafu za duka la kijiji zilibaki na vumbi na kopo moja la kiwi. Mama alifulia majani ya mpapai. Siku sabuni ilipoletwa, habari ilifika shuleni kabla ya kengele ya mapumziko, tukaachiwa twende tukashike foleni, kila mtoto na jina la baba yake mdomoni.

Muuzaji aliulaza mche mezani, mrefu kama mkono wangu wa wakati ule, wa buluu yenye mabaka meupe. Hakutumia kisu. Alikatia uzi wa mshipi, ule wa kuvulia samaki: anauzungusha mara moja, anavuta ncha mbili, kipande kinaachia. Kila kaya kipande kimoja. Hakuna aliyemtazama usoni. Macho yote yalikuwa kwenye uzi. Mzee mmoja akadai amepunjwa. Muuzaji hakubishana naye. Alichukua kipande cha mzee na cha mama aliyemtangulia, akavibandika uso kwa uso, vikalingana kingo zote nne. "Baba, huku mbele sabuni yote ni moja," akasema. "Ukitaka ugomvi, gombania unene."

Nimefundisha hisabati shule za msingi za huku Chato kwa zaidi ya miaka 20, na sijapata maelezo ya mche yanayoishinda kauli ile. Umbo lolote ambalo ukilikata popote kwa mkato wa kukingama unapata uso uleule, hilo ni mche. Uso ukiwa mstatili, ni sabuni yetu. Ukiwa duara, ni mcheduara: bomba, pipa, betri ya tochi. Ukiwa pembetatu, ni paa la mgongo mmoja lisilo na nyumba chini yake. Kinachobaki cha kugombania ni unene, ambao vitabu vyetu huuita kimo.

Foleni ile nimeikumbuka nikiwa mtu mzima wa mvi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya steshenari moja mjini, nikijifunza kuchora maumbo kwa kompyuta.

Anayenifundisha ni kijana niliyemfundisha mimi. Asubuhi anatoa fotokopi na kujazia watu fomu za ajira. Mchana anachora ramani za nyumba. Mtu akishapata fedha kidogo, ya dagaa, ya pamba au ya dhahabu, anamjia na picha ya nyumba kwenye simu, na siku hizi ramani ya kawaida haimtoshi mtu, wote wanataka ya 3D. Wanataka kuona bati lina rangi gani. Wanataka kuona gari ambalo hawajanunua limeegeshwa barazani. Kijana ananiamkia, nami naitikia marahaba, kisha ananiita mwalimu huku ananielekeza pa kubonyeza. Mimi nami siwezi kumwita jina jingine wakati ananielekeza. Basi tumekuwa walimu wawili kwenye meza moja, na wateja hawajui wamsikilize yupi.

Watu huuliza mzee kama mimi anatafuta nini huko. Huwa nawajibu kwamba najiandaa kustaafu, nataka kuchora nyumba yangu mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu ya deni.

Mwaka mmoja, kijana huyu akiwa darasa la saba, nilichora mchemraba ubaoni kama walimu wote wanavyouchora: mraba, halafu mraba wa pili uliosogezwa kidogo juu na kulia, halafu mistari minne ya kuunganisha pembe. Siku hiyo nilikuwa mvivu. Mistari ya nyuma, ile isiyoonekana, ilipaswa kuwa ya vipande vipande. Mimi niliichora yote mizima. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona linageuka?"

"Nini kinageuka?"

"Boksi. Saa nyingine uso wa chini ndio uko mbele, saa nyingine wa juu. Na mimi sijasogea."

Darasa likacheka. Nikamwambia aache masihara, akakaa. Usiku, katikati ya kusahihisha madaftari, nililichora boksi lile kwenye kipande cha karatasi nikalikodolea macho chini ya taa, na kweli, likanigeukia. Nikafumba macho, nikafumbua, likarudi lilikotoka. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mswisi mmoja, Louis Albert Necker, mtu wa kuchunguza fuwele za madini, aliliandika jambo hilohilo mwaka 1832 baada ya kuona michoro ya fuwele ikimgeukia machoni. Mtoto wa Chato alikuwa ameligundua kwa njaa ya saa sita mchana, bila kusoma popote, na mwalimu wake akamwita mtu wa masihara. Sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Kumwambia mwanafunzi wako kitu kama hicho hadharani si rahisi, na faraghani hatukuwahi kukutana.

Ukifungua programu yenyewe unakuta uwanja mtupu, na kwenye kona vijiti vitatu vilivyoshikana mguu: chekundu, cha kijani, cha buluu. Viwili vimelala, cha buluu kimesimama. Vinaposhikana ni sifuri, sifuri, sifuri, na kila utakachochora, hata kama ni ghorofa, kitahesabiwa kuanzia hapo. "Hiyo ndiyo bikoni yako, mwalimu," kijana akaniambia. Nikaelewa mara moja. Anayeishi kwenye kiwanja chenye mgogoro hahitaji kuelezwa maana ya bikoni.

Zoezi la kwanza lilikuwa boksi la chumba, mita 4 kwa mita 3. Wachora ramani huandika kwa milimita, kwa hiyo nikaandika 4000, nikaandika 3000, mstatili ukatokea. Akaniambia sasa niunyanyue, akanionyesha amri ya kazi hiyo. Jina lake la Kiingereza lina maana ya kukamua kitu kitoke kupitia tundu, kama dawa ya meno. Tambi hutengenezwa hivyo. Na sabuni pia: kiwandani hukamuliwa ikatoka mche mrefu usio na mwisho, ndipo hukatwa. Nikajiona niko nyumbani kabisa. Kompyuta ikauliza kimo. Ukuta wa chumba una mita 3, nikaandika 3, nikabonyeza Enta.

Boksi lilikuwa zuri. Pembe zake zote kamili, mistari imenyooka kuliko yoyote niliyowahi kuichora kwa chaki na rula ya mbao. Nikamwita aje aone.

Alikuja, akaangalia, hakusema kitu. Akashika mausi, akabana Shifti, akabonyeza lile gurudumu la katikati na kuipindua dunia yote polepole, kama mtu anayeinamisha sinia aone kama mchele una mawe. Chumba changu kilikuwa kimelala kama chapati. Ukuta wa milimita 3! Sisimizi angeuvuka bila kujua amevuka ukuta.

"Kutoka juu kilikuwa sawa tu, mwalimu," akasema kwa adabu.

Nilirekebisha, nikaandika 3000, chumba kikainuka. Lakini maneno yale niliondoka nayo hadi nyumbani. Kutoka juu kilikuwa sawa. Chumba cha milimita 3 na chumba cha mita 3, ukivitazama kutoka juu, ni mstatili mmoja. Muuzaji wa sabuni alikuwa ameshaniambia.

Kosa hili ni la zamani kuliko programu yenyewe, na dawa yake pia. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT kule Marekani, Ivan Sutherland aliandika programu ya Sketchpad iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka huohuo mwenzake chuoni hapo, Timothy Johnson, akaiongezea kipimo cha tatu, na jambo alilolifanya ndilo bado tunalifanya: alikigawa kioo vyumba vinne. Chumba kimoja unaona umbo kutoka juu, kingine kutoka mbele, kingine kutoka ubavuni, na cha nne unaliona kama jicho linavyoliona. Ukigusa mstari katika chumba kimoja, unasogea katika vyote. Kijana wangu naye alinigawia skrini hivyo baada ya aibu ya chapati. Programu anayoitumia, AutoCAD, ilitoka mwaka 1982. Wenzetu walikuwa wanauziana programu ya kuchorea, sisi tunapimiana mche wa sabuni kwa uzi wa mshipi. Silalamiki, nashangaa tu jinsi mwaka mmoja unavyoweza kuwa na watu wengi ndani yake.

Nilichokipenda zaidi katika wiki zile ni kugundua kwamba amri za programu nilikuwa nazijua kwa majina mengine. Chukua pia. Kabla haijawa umbo la hisabati, pia ni kichezeo cha kuzungusha: kigogo kilichochongwa kikawa na ncha, unakizungushia kamba, unavuta, kinasimama kwenye ncha yake na kuvuma. Waliotunga msamiati wa hisabati ya shule ya msingi waliikuta pia mikononi mwa watoto wakaiingiza kitabuni. Sasa tazama kompyuta inavyoitengeneza: unachora pembetatu mraba, unachagua mmoja wa pande zinazoshika pembe mraba uwe mhimili, unaiambia izunguke nyuzi 360. Pembetatu inazunguka, na nyayo zake hewani zinaganda kuwa pia. Umbo limezaliwa kwa tendo lililolipa jina. Mche unakamuliwa, pia inazungushwa, tufe ni lile linalorushwa siku ya michezo. Lugha yetu ilikuwa na mikono kabla kompyuta haijapata mausi.

Halafu mtoto anakwenda Kidato cha Kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na pia inakuwa koni. Koni kwake ni ya aiskrimu, na wengine hata hiyo wameiona kwenye tangazo tu. Mche, aliokuwa akiuona kila siku bombani mama akifua, unakuwa neno la kukariri. Nimewaona watoto wangu hodari wakirudi likizo wamepotewa na maumbo waliyokuwa nayo viganjani walipomaliza darasa la saba. Sisemi Kiingereza kina kosa. Ila kama ningekuwa na kauli, mtoto angeingia kidato na pia yake mfukoni.

Neno lililonishughulisha zaidi ya yote, hata hivyo, ni duara.

Ubaoni duara ni umbo bapa, halina unene. Lina kipenyo, lina mzingo, basi. Toka nje ya darasa, panda gari kuelekea Buseresere, Katoro, Geita, uulize watu duara ni nini. Watakuonyesha shimo. Kwa wachimbaji wadogo wa ukanda huu duara ni shimo la dhahabu lenyewe, na mtu anaweza kuwa na hisa katika duara, kurithi duara, kufilisika kwa duara. Cha kuchekesha ni kwamba maduara mengi niliyoyaona hayana uduara wowote. Mdomo ni mstatili, kwa sababu matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke, hayapindiki. Lakini hawakukosea jina. Wamelichukua umbo la ubaoni wakalipa kitu ambacho mimi mwalimu nilikuwa nawakataza watoto kulipa: kina.

Kina chao hupimwa kwa futi. Duara la futi 40, duara la futi 100. Kijana wangu alipokuwa sekondari alitumia likizo moja kwenye winchi, akivuta viroba vya mawe. Alinisimulia siku moja umeme ulipokatika tukabaki tunaangalia skrini nyeusi. "Kiroba ni kilekile, mwalimu, uzito uleule. Lakini ukiuliza mabega yatakwambia kimetoka futi ngapi." Wageni wakija kununua hisa husimama mdomoni, huinama, huona giza. Giza la futi 40 na giza la futi 100 havina tofauti. Wajanja hudondosha jiwe na kusikiliza. Wasio wajanja wanalipa, na kutoka juu kila kitu kiko sawa.

Alinifungulia pia picha ya satelaiti kwenye simu yake. Shimo la mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, lina ngazi pembeni zinazozunguka kama mistari ya kidole gumba. Maduara ya wadogo ni vitone, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Picha ni ya juu kwenda chini, hakuna kitone kinachokwambia kina chake.

Leseni nazo ziko hivyo. Leseni ya mchimbaji mdogo ni eneo lisilozidi hekta 10, nayo huandikwa kwa pembe zake juu ya ardhi: namba mbili kwa kila pembe, latitudo na longitudo. Kijiti cha buluu hakimo. Mwenye leseni anamiliki kitu kama mche wa sabuni uliosimamishwa, uso wake unajulikana, unene wake ni kadiri atakavyothubutu kushuka. Lakini dhahabu haijui habari za mche. Mwamba unaobeba dhahabu hulala ubavu, unaingia kwako, unatokea kwa jirani, na mchimbaji anaufuata mwamba, hafuati mpaka. Kule Mererani, kwenye tanzanaiti, wana neno kabisa la pale njia mbili za chini kwa chini zinapokutana bila kutarajiana: mtobozano. Juu bikoni zimesimama kila moja mahali pake. Chini watu wanamulikana tochi usoni. Ni ajabu kidogo kwamba almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako Dkt. John Williamson alianzisha mgodi baada ya kuigundua mwaka 1940, yenyewe ina tabia ya vitabuni: mwamba wake ni shingo ya volkano ya kale, mpana juu, unaopungua kadiri unavyoshuka. Pia iliyopigiliwa ardhini ncha chini. Ukipata almasi huhitaji kuifukuzia mbali sana pembeni. Dhahabu ni mstatili mwembamba uliokunjika gizani, na anayetaka kuichora lazima akubali kubahatisha.

Migodi mikubwa hubahatisha kwa utaratibu. Wanachoronga matundu membamba, wanapima mawe yaliyotoka kila mita, kisha programu kama Surpac au Datamine huyaunganisha matundu yale na kujaza umbo katikati. Kwenye skrini unaona mwamba mzima unaelea, wa rangi, unaweza kuuzungusha. Lakini kilichoshikwa kwa mkono ni yale matundu tu. Kilicho kati yake ni hesabu. Mchimbaji mdogo hana hata hiyo. Mwezi Januari 2017, Nyarugusu, mgodi uliporomoka ukawafunika wachimbaji 15. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza redio. Mimi nilikuwa na darasa, na watoto waliniuliza: wako wapi hasa? Niligeuka ubaoni nikashika chaki, nikagundua siwezi kuchora. Ningechora kutoka juu ningekuwa nimechora uwanja wenye watu waliosimama. Ningechora kutoka ubavuni ningekuwa naongopa, sijui njia zinapinda wapi. Baada ya siku tatu hivi walitolewa wote 15 wakiwa hai. Watoto wakashangilia, ubao ukiwa bado mtupu.

Zoezi la mwezi wa pili lilikuwa msonge: mcheduara kwa ukuta, pia kwa paa. Nililichagua mwenyewe, kwa sababu bibi yangu alizaa watoto wote ndani ya nyumba ya namna hiyo, na kwa sababu nilidhani ni rahisi. Baada ya chapati nilikuwa nimeapa kutouamini tena mwonekano wa juu. Basi nikauchukia kabisa. Kazi yote nikaifanyia kwenye mwonekano wa mbele. Ukuta ukasimama. Pia nikaishika kwenye ncha, nikaivuta, nikaiketisha juu ya ukuta, kingo kwa kingo. Nikakuza picha, nikahakikisha hakuna upenyo. Hapo sasa, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikabana Shifti na kuizungusha dunia.

Paa lilikuwa mita 2 nyuma ya nyumba, limeelea hewani kama kofia iliyopeperushwa na upepo wa ziwa.

Kijana alicheka mpaka mteja wa fotokopi akaja kuchungulia. Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikaingia kwenye pacha wake, na kila moja lilikuwa na upande mmoja ambao kutokea huko lilionekana ni haki tupu. Nilifikiria watu niliowahi kuwahukumu kwa kuwaona kutoka mbele. Pia nilifikiria daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, ambalo sasa tunalipita kwa dakika chache tukienda Mwanza badala ya kushinda kwenye foleni ya kivuko. Nilipolipita mara ya kwanza nilihesabu nguzo. Sasa najua nilikuwa nahesabu vichwa vya nguzo. Sehemu iliyozama kwenye maji na tope ndiyo inayonibeba, na hiyo hakuna abiria anayeiona.

Na skrini nayo ni bapa, tusidanganyane. Nimeigusa, ni kioo. Kompyuta haijaniongezea kina hata nukta moja kuliko ubao wangu mweusi. Ilichonipa ni ruhusa ya kuzunguka. Ubaoni boksi linakugeukia wewe likitaka. Hapa wewe ndiye unayeligeuza.

Nusu tu, kwa kweli. Alasiri moja aliibadilisha picha ili ionyeshe mistari mitupu bila kuta, kama nyumba ya nyaya, na mchemraba niliokuwa nautengeneza ukanifanyia kilekile. Mara uso wa chini mbele, mara wa juu.

"Bado linageuka," nikasema.

Akaniangalia. Nilidhani ningelazimika kumkumbusha, nimejiandaa na maneno kabisa. Akacheka kwa pua. "Uliniambia niache masihara, mwalimu."

"Ulikuwa sawa. Nililiona usiku uleule."

"Najua. Kesho yake ulichora jingine, mistari ya nyuma umeikatakata, na siku hiyo hatukuwa na somo la maumbo. Tulikuwa na sehemu."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Nikatoka nje kidogo kununua sabuni.

Siku hizi mche unauzwa una mikato yake tayari, unavunja tu. Nikanunua kipande, nikaomba wembe, nikakaa na kuchonga juu ya gazeti. Kwanza mcheduara, kipenyo sentimita 4, kimo sentimita 4. Halafu nikakwaruza mstari juu yake, katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, na kuanzia kwenye mstari huo nikashusha mikato miwili ya mshazari, mmoja kila upande, hadi chini kabisa. Kikabaki kitu kisicho na jina katika lugha yoyote ninayoijua. Kisha nikachukua kava la rimu ya karatasi, nikatoboa matundu matatu: duara, mraba, pembetatu, yote ya sentimita 4. Nikampa.

Akakiingiza kwenye tundu la duara, kikapita kimebana. Akakilaza, akakisukuma kwenye mraba, kikapita kimebana. Akakigeuza ubavu, pembetatu, kikapita. Wateja wawili wakaacha simu zao. Mmoja akataka kuona chini ya kava kama kuna uongo.

"Sasa nichoree hicho," nikamwambia.

Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Hatimaye akachora duara akalinyanyua, akachora mraba akaunyanyua kutokea mbele, akachora pembetatu akainyanyua kutokea ubavuni, miche mitatu imepitana tumboni kama vijiti kwenye mshikaki. Kila mara kompyuta ilipouliza kimo, alinitupia jicho kabla ya kuandika 40. Mwisho akatoa amri ya kubakiza kile tu ambacho miche yote mitatu inakimiliki kwa pamoja. Vilivyozidi vikatoweka, na sabuni yangu ikabaki katikati ya skrini, ya kijivu, inazunguka.

Akaihifadhi kwa jina la "mwalimu".

Ya kweli nilirudi nayo nyumbani, imefungwa kwenye fotokopi iliyoharibika. Mke wangu aliifungua, akaitazama kutoka juu, akaigeuza, akaniuliza waliniuzia shilingi ngapi, maana ni wazi nimepunjwa. Kesho yake asubuhi ilikuwa bafuni. Ukingo wa juu ndio ulioanza kwenda, kisha pembe za chini. Kufikia Jumapili, ukiipitisha kwenye tundu la pembetatu, ilikuwa inacheza.